SOMO LA UMEME: Kuunganisha umeme kwenye kibanda au hema bila kuhatarisha maisha

Safari hii tunazungumza juu ya umeme unaoletwa kwa waya hadi kwenye kibanda chako cha mabati, kontena lako au hema lako. Soma somo hili pamoja na watu wa nyumbani kwako. Kama yupo asiyejua kusoma, msomee. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujipima.

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Nilimaliza Kidato cha Nne nikiwa Kakuma, na katika somo la fizikia nilipata alama nzuri. Nilipofika hapa Juba nilifungua kibanda kidogo cha kuchaji simu. Nilinunua umeme kwa mwenye jenereta, nikavuta waya mwenyewe, nikatoboa tundu kwenye bati na kuupitisha. Globu iliwaka, simu zikachaji. Nikajiona fundi.

Miezi minne baadaye mvua ilinyesha mchana kutwa. Jioni mtoto wa miaka tisa alitumwa kuchukua simu ya baba yake. Alikuwa peku, akasimama kwenye tope akaegemea ukuta wa kibanda. Hakupiga kelele. Alitetemeka tu, mkono wake umeshikamana na bati. Mama mmoja anayeuza chai jirani ndiye aliyeona, akapaza sauti, na mwenye jenereta akazima. Mtoto alipona, lakini kiganja kiliungua. Mama yake alinitazama akaniuliza neno moja tu: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hukujua?"

Nilikuwa sijui. Somo hili ni yale niliyojifunza baada ya siku hiyo kwa mafundi na katika vitabu. Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya umeme ina kinga, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ni vitu viwili tu: waya wa tatu, na swichi inayokata yenyewe. Hivyo viwili ndivyo ambavyo kibanda changu hakikuwa navyo.

1. UMEME WETU UNATOKA WAPI

Sudan Kusini ni kati ya nchi ambazo watu wachache zaidi duniani wana umeme nyumbani. Mjini Juba, mwaka 2019 kilifunguliwa kituo kipya cha kuzalisha umeme chenye megawati 33 za kwanza, na mitaa kadhaa ikapata nguzo na mita za kulipia kabla. Lakini nguzo hizo hazifiki kila mahali. Katika kambi na mitaa ya pembeni watu hutumia njia tatu: sola, jenereta yao wenyewe, au waya wa kulipia kutoka kwa jirani mwenye jenereta au mwenye mita. Waliopitia Kakuma wanaijua biashara hiyo. Mtu mmoja ana jenereta, wateja wake wanalipa kwa mwezi, na kila mteja anavutiwa waya.

Waya huo wa jirani ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu hauna mwenyewe. Muuzaji anasema kazi yake inaishia kwenye jenereta. Mnunuzi anasema mimi si fundi. Katikati kuna mita hamsini za waya ambao hakuna anayeukagua.

2. KWA NINI BATI NI HATARI KULIKO TOFALI

Ukuta wa tofali au udongo mkavu haupitishi umeme kwa urahisi. Waya ukichunika juu ya tofali, mahali pa hatari ni pale pale ulipochunika. Bati ni kitu kingine. Waya ukichunika na shaba yake ikagusa bati, basi ukuta wote, mlango wote na paa lote vinakuwa na umeme. Huwezi kuona tofauti kwa macho. Kibanda kinaonekana kama jana.

Waya huchunika wapi? Mara nyingi ni pale unapoingia ndani. Ukingo wa bati ni kisu. Upepo ukitikisa waya kila siku, bati linakata plastiki kidogo kidogo. Kibanda changu kilichukua miezi minne.

Halafu inakuja mvua. Hapa Juba mvua hunyesha takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba au Novemba. Ngozi kavu na viatu vya mpira hupunguza umeme unaopita mwilini. Ngozi iliyolowa na miguu peku kwenye tope huufungulia mlango. Ndiyo sababu waya mbovu unaweza kukaa kiangazi chote bila kudhuru mtu, halafu ukaumiza mvua ya kwanza inaponyesha.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri wakati wa likizo na nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Wanalala kwenye viwanja maalumu ambako kuna boksi la umeme juu ya nguzo, wanachomeka waya, asubuhi wanachomoa na kuondoka. Nyumba hiyo ni bati juu ya magurudumu kama kibanda chako kilivyo bati juu ya miti. Huko Uingereza kebo ya kawaida ya kazi hiyo ina nyaya tatu ndani yake, urefu wake kwa kawaida hauzidi mita 25, soketi ni ya ampea 16, na kwenye boksi lazima kuwe na swichi ya kukata umeme unaovuja. Wanafanya hivyo kwa sababu bati lilelile linaua popote lilipo. Sisi tunaishi humo mwaka mzima, kwa hiyo tuna haja zaidi ya kinga hiyo.

3. NYAYA TATU NA KAZI YA KILA MOJA

Waya wa kwanza ni waya wa moto. Ndio unaoleta umeme, volti 230 hivi. Katika kebo za zamani rangi yake ni nyekundu, katika mpya ni kahawia.

Waya wa pili ni nyutro. Ndio unaorudisha umeme ulikotoka. Katika kebo za zamani ni mweusi, katika mpya ni wa bluu.

Waya wa tatu ni waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano. Siku za kawaida hauna kazi yoyote. Globu itawaka bila huo, redio italia bila huo. Ndiyo sababu wengi wanaukata, au wananunua kebo ya nyaya mbili kwa kuwa ni ya bei nafuu. Nami nilifanya hivyo.

Kazi yake inakuja siku ya hatari. Unafungwa kwenye bati la kibanda na kwenye vyombo vya chuma, na upande wa pili unafungwa kwenye ardhi. Umeme ukivuja kwenye bati, unapata njia ya kwenda chini bila kupitia mwili wa mtoto.

Tahadhari: usiamini rangi peke yake. Mafundi wengine hutumia waya wowote ulio karibu. Fundi apime kila waya kabla ya kuufunga.

4. FIMBO YA ARDHI PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata baadhi ya mafundi. Wanapigilia fimbo ya chuma chini, wanaifunga kwenye bati, wanasema kazi imekwisha. Tufanye hesabu kidogo.

Breka ya kawaida ya ampea 10 inakata pale umeme unapozidi ampea 10 kwa kiasi kikubwa au kwa muda. Udongo nao unazuia umeme, kila mahali kwa kiasi chake. Tuseme fimbo yako na udongo wake vina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu. Volti 230 ukigawanya kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 10 haisikii kitu. Kwake hiyo ni kama pasi ndogo imewashwa. Wakati huo bati linaendelea kuwa na umeme usiku na mchana. Kiangazi udongo ukikauka zaidi, hali inazidi kuwa mbaya.

Sasa angalia mwili wa mtu unahitaji kiasi gani ili udhurike. Miliampea 30 tu, yaani sehemu 30 katika elfu za ampea moja, zikipita kifuani zinaweza kukaza misuli usiweze kuachia, na kuzuia pumzi. Zikizidi hapo moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Globu ndogo ya kisasa ya wati 9 inatumia miliampea 40 hivi. Maana yake, umeme unaotosha kuwasha globu moja unatosha kumuua mtu. Breka haikutengenezwa kwa ajili yako. Imetengenezwa kulinda waya usiungue.

Kinachomlinda mtu ni swichi nyingine, ambayo mafundi huiita RCD. Kazi yake ni kama karani wa ghala. Inahesabu umeme unaokwenda kwa waya wa moto, na inahesabu unaorudi kwa nyutro. Hesabu zikilingana, inakaa kimya. Kukipungua kiasi, basi kuna umeme uliopita njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, na papo hapo inakata. Ukiinunua, tazama maandishi yake: yawe RCD, RCCB au RCBO, na pawe na 30 mA au 0.03 A. Iliyoandikwa 300 mA ni ya kuzuia moto, haitoshi kuokoa mtu. Kama ni RCD au RCCB, breka bado inahitajika pamoja nayo. RCBO ina kazi zote mbili ndani yake.

RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, na kila baada ya mvua kubwa. Lazima ikate. Isipokata, imekufa, ibadilishe. Lakini fahamu kwamba kitufe kinapima swichi yenyewe tu. Hakikuambii kama waya wa ardhi umekatika. Huo unakaguliwa kwa macho na kwa kipimo cha fundi.

Yule mtoto wa miaka tisa siku hizi hupita kibandani kwangu siku za Jumamosi kuuliza kama nimebonyeza. Kama bado, tunabonyeza pamoja.

Mambo manne kuhusu fimbo ya ardhi:
(a) Iwe na urefu wa mita 1.2 au zaidi, ya chuma kilichopakwa shaba au zinki, na yote iingie ardhini isipokuwa mahali pa kufungia.
(b) Waya ufungwe kwa klampu ya skrubu, si kwa kusokotwa na mkono.
(c) Kiangazi mwagia maji mahali pake.
(d) Usifunge kamwe waya wa ardhi kwenye bomba la kisima au bomba la maji. Kukitokea hitilafu, utakuwa umepeleka umeme kwa akina mama na watoto waliopanga foleni ya maji.

5. KEBO: UNENE, UREFU NA NJIA YAKE

Waya mwembamba wa kusokotwa, ule wa spika za redio, si wa kazi hii. Mfano: waya wenye shaba ya milimita za mraba 0.5, uliovutwa mita 60 na kupitisha ampea 5, unapoteza zaidi ya volti 20 njiani. Volti hizo hazipotei bure. Zinageuka joto ndani ya waya, na waya huo umelala juu ya turubai.

Kwa globu, simu, redio na televisheni tumia kebo ya nyaya tatu isiyopungua milimita za mraba 1.5. Kwa soketi za vyombo vizito, 2.5. Kabla ya kulipa kwara kidogo waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa rangi. Haibebi mzigo ule ule, na hukatika upesi kwenye skrubu.

Njia ya kebo nayo ina kanuni zake:
- Ipite juu kwenye nguzo za mti, juu kuliko gari la maji linalopita, au izikwe ndani ya bomba la plastiki, kina cha nusu mita. Isilale juu ya ardhi. Mchwa, panya na jembe vyote ni adui zake.
- Usiifunge kwenye waya wa kuanikia nguo wala kwenye seng'enge. Ikichunika, nguo mbichi zitashika umeme.
- Mahali inapoingia kwenye bati weka kipande cha mpira au bomba la plastiki kuzunguka tundu. Kipande cha ndara kuukuu kinatosha. Mimi kingenigharimu bure.
- Nje ya tundu iache kebo ining'inie kidogo chini kama tumbo la kamba, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasiifuate hadi ndani.
- Kebo iliyozidi usiiache imeviringishwa kama kamba ya ng'ombe huku ikibeba mzigo. Inahifadhi joto na kuyeyuka. Ifungue yote.
- Maungio yafanyike ndani ya kisanduku kilichofungwa. Tepu peke yake hulegea kwa jua la Juba, na mfuko wa nailoni hauzuii kitu.

Kwenye hema au nyumba ya turubai, hakuna globu wala soketi inayogusa kitambaa. Turubai la plastiki huwaka haraka kuliko unavyoweza kuamsha watoto. Tumia globu za kisasa zisizo na joto kali, na soketi ifungwe kwenye ubao, si kwenye mti wa hema.

6. HESABU YA MZIGO

Kanuni ni rahisi: ampea mara volti ni wati. Ukiuziwa laini ya ampea 6, basi 6 × 230 = wati 1380. Huo ndio mzigo wako wote, pamoja na wa mtu yeyote aliyejiunga kwako.

Tuchukue kibanda cha kinyozi. Mashine mbili za kunyolea, wati 30. Globu tatu, wati 27. Televisheni, wati 60. Redio, wati 20. Simu kumi zinazochaji, wati 100. Feni, wati 50. Jumla ni wati 287. Bado ana nafasi kubwa.

Sasa ndugu yake analeta pasi ya wati 1200. Jumla inakuwa wati 1487, mzigo umezidi. Wakibahatika, breka inakata. Wengi hapo huondoa breka na kuweka waya wa moja kwa moja, au kuweka breka kubwa zaidi. Kufanya hivyo ni sawa na kumfunga mdomo mbwa anayebweka mwizi akiwa mlangoni. Breka ikikata, chomoa kitu, usiondoe breka.

Birika la umeme na jiko la koili mara nyingi ni wati 1000 hadi 2000. Kwenye laini ya kununua kwa jirani havifai.

7. UTARATIBU WA KUUNGANISHA NA KUTOA

Wapo wanaohamisha vibanda, hasa vile vyenye magurudumu vinavyosukumwa sokoni asubuhi na kurudishwa jioni. Hao wanachomeka na kuchomoa kila siku, kwa hiyo wafuate mpango huu bila kuruka.

Kuunganisha:
1. Zima swichi ya laini yako kwenye jenereta au kwenye boksi. Zima vyombo vyote kibandani.
2. Kagua kebo yote kwa macho na kwa mkono mkavu, ikiwa haina umeme. Tafuta mkwaruzo, meno ya panya, alama ya kuungua.
3. Kagua waya wa ardhi kwenye bati na kwenye fimbo.
4. Chomeka upande wa kibanda kwanza.
5. Chomeka upande wa chanzo mwisho.
6. Washa swichi ya chanzo, kisha RCD. Bonyeza T. Ikikata vizuri, irudishe.
7. Washa chombo kimoja kimoja.

Kutoa: anza kinyume. Zima vyombo, zima chanzo, chomoa upande wa chanzo kwanza, kisha upande wa kibanda. Shika plagi, usivute waya.

Sababu ya mpango huo ni hii: plagi isibaki hata kidogo mkononi mwako au kwenye majani ikiwa na umeme. Kwa sababu hiyo hiyo, waya wenye plagi za kiume pande zote mbili ni marufuku. Ukichomeka upande mmoja, meno ya upande wa pili yako wazi na yana umeme. Ukiuona waya kama huo kwenye bloku yenu, ukatwe siku hiyo hiyo.

8. KUHUSU JENERETA NA SOLA

Jenereta ikae nje, mbali na mlango na dirisha, tena chini ya paa lisilo na kuta. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Usiongeze petroli ikiwa inaunguruma au ikiwa bado ya moto.

Kwa mwenye jenereta anayeuza umeme: jenereta ndogo nyingi hutoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijaunganishwa na ardhi. Katika hali hiyo RCD ya mteja inaweza isikate siku ya hatari. Fundi anayejua kazi aiunganishe nyutro na ardhi kwenye jenereta, mahali pamoja tu, kisha apime kila laini.

Sola ndogo ya volti 12 ni salama kwa mtu kuigusa, lakini betri yake ikiunganishwa vibaya huleta moto. Weka fyuzi karibu na betri. Na ukitumia inveta ya kugeuza kuwa volti 230, basi umerudi kwenye somo hili lote. Volti 230 za jua zinaua kama za dizeli.

9. MTU AKISHIKWA NA UMEME

- Usimguse. Ukimshika nawe utashikwa.
- Zima umeme kwenye chanzo. Kila mtu wa bloku ajue swichi iko wapi, watoto pia.
- Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu au jerikani ya plastiki iliyo kavu, umsukume kwa mti mkavu. Usitumie chuma wala mti mbichi.
- Akishaachana na umeme, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hivi. Usiache hadi msaada ufike au apumue. Mwingine akimbilie zahanati.
- Mpeleke zahanati hata akisema amepona. Umeme huunguza ndani na kuvuruga mapigo ya moyo bila alama kubwa nje.
- Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima chanzo, kisha tumia mchanga.

10. KAMA FEDHA HAZITOSHI

Najua unachofikiri, kwa sababu wengi wameniambia hivyo: "Haya yote ni ya wenye fedha." Basi fanya kwa mpango huu.

Leo, bila fedha: weka mpira kwenye tundu la bati, ondoa kebo kwenye waya wa nguo, fungua kebo iliyoviringishwa, fundisha watoto mahali swichi ilipo.

Mwezi huu, kwa kuchangiana: nunueni RCD moja ya 30 mA ikae kwenye chanzo, ilinde majirani watano au sita wa laini moja. Ubaya wake ni kwamba kosa la mmoja litawazimia wote. Lakini hapo ndipo mtajua kosa liko kwa nani, na mtalitengeneza.

Baadaye: badilisha kebo ya nyaya mbili kuwa ya tatu, na pigilia fimbo ya ardhi kwa fundi.

Na kabla ya kulipa mwezi ujao, nenda kwa anayekuuzia umeme, umwulize kwa heshima maswali matatu: Je, laini yangu ina RCD? Waya wa ardhi upo? Nani anakagua kebo kutoka kwako hadi kwangu? Mkiuliza watu kumi, atawajibu. Ukiuliza peke yako, huenda atacheka. Kwa hiyo peleka jambo hili kwenye mkutano wa bloku, kiongozi wa bloku awe nalo, na kebo zikaguliwe na wote kabla ya mvua za Aprili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini breka ya ampea 10 haiwezi kumwokoa mtu?
2. Ukitoa umeme kibandani, unachomoa upande gani kwanza?
3. Una laini ya ampea 5. Je, unaweza kutumia pasi ya wati 1200?
4. Kitufe cha T kimekata vizuri. Je, una hakika waya wa ardhi ni mzima?

Majibu: (1) Kwa sababu mtu hufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja, na breka hainusi kiasi hicho. (2) Upande wa chanzo. (3) Hapana. 5 × 230 = wati 1150. (4) Hapana. Kitufe hupima swichi tu.

Anayehitaji mtu wa kukagua naye kebo yake aje kwa wafanyakazi wa jamii wa bloku yake. Sisi si mafundi na hatutafunga waya wa mtu, lakini tutatembea nawe kutoka kibandani hadi kwenye jenereta, mita kwa mita, tukiangalia. Mimi sikutembea mita hizo, na mtoto wa jirani ndiye aliyelipa.

Mfanyakazi wa jamii